Alikuwa Akiisukuma

Lami mpya ilipochongwa kule bondeni
malori yote yaliifuata, na vumbi lao, na honi zao,
barabara ya zamani ikabaki huku juu
na nyasi zimeota katikati yake
kama kichwa cha mtu asiye na haraka ya kinyozi.

Mimi nimechagua hii.
Nilitoka Uvinza alfajiri,
chumvi kilo nne kwenye keria,
mhogo wa kuchoma ndani ya gazeti,
pampu, kiraka, gundi.
Sasa ni saa tatu na sijapishana na gari.
Nasikia mnyororo unavyotafuna,
na tumbo langu likiuliza juu ya mhogo.

Wabeba chumvi walipita hapa
kabla njia haijaitwa barabara:
waliteremka na mbuzi, wakapanda na mizigo.
Mawe ya kivuko yana mgongo laini.
Si maji peke yake yaliyoyasugua.

Baadaye wakapita vijana waliopimwa vifua,
waliopewa blanketi na namba,
wakashuka kwenda kuilaki treni;
mkonge uliwangoja ng'ambo ya nchi.
Baba yangu, Ntahondi, alikuwemo.
Namba yake hakunitajia hata siku moja.
Alinitajia bei ya baiskeli.

Mikataba miwili, kisha akarudi
na Rale nyeusi, fremu nzima imevishwa magazeti.
Akaiteremsha stesheni kama anayemshika mgonjwa,
akaisukuma.
Siku tatu, kilima baada ya kilima,
kwa kuwa mkongeni hakuna aliyemfundisha kuipanda,
na kwa kuwa, alidai, kitu kipya hakikaliwi
kabla mama wa nyumba hajakiona.
Kijiji kilicheka hadi mavuno:
Ntahondi kaoa chuma, wanatembea wameshikana mikono!
Alijifunza baadaye, usiku,
giza lisimulie peke yake alivyoanguka.

Mimi naipanda.
Mteremko wa kwanza naiachia breki
na milima ya Buha inageuka upande mmoja mmoja:
maharage, migomba, tanuri la matofali linalofuka,
tena maharage.
Baridi inaingia kwenye mikono ya shati.
Mtoto wa mbuzi, namaanisha mchungaji wao, anapaza,
"Mwakeye!"
Nimeshampita. Jibu langu
linaangukia kilima kinachofuata.

Halafu mwinuko.
Nina miaka hamsini na minane,
na goti la kushoto lina kumbukumbu kunizidi.
Nikashuka.
Mkono wa kushoto kwenye usukani,
wa kulia ukatafuta pa kushika, ukapata:
ubavuni mwa tandiko, nyuma kidogo,
pale ngozi ilipochakaa ikang'aa.
Miaka yote nilidhani ni sisi watoto
tulioichubua tukiiba mizunguko mchana wa Jumapili.
Kiganja changu kikatulia humo
kama kijiko kwenye ala yake.

Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia kando.
Skolastika, alisema baadaye, wa huku huku.
"Pancha?"
"Hapana."
"Mnyororo?"
"Mzima."
"Basi mbona hupandi?"
Maneno yalinijaa mdomoni, marefu, yenye mkonge na treni.
Nikasema, "Nimebeba chumvi."
Akaweka jembe, akaja kuitazama,
akaramba chembe moja, akauliza bei,
akanicheka: kule kwenye lami
inauzwa rahisi kuliko hiyo!
Nikammiminia kiganja kimoja kwenye jani la mgomba.
Akalifunga bila kushukuru,
akanipa ndizi tatu bila kuombwa.

Kileleni njia inalala, kisha inashuka,
mteremko mrefu, mtupu, wa kwangu peke yangu,
hakuna hata baiskeli nyingine.
Nilisimama pale, ndizi moja mkononi.
Nikaendelea kuisukuma kidogo,
hadi kwenye kona.